Kwa nini ‘greenhouse’ si nyumba ya rangi ya kijani

MKULIMA wa nyanya anayehitaji kitalu nyumba na fundi aliyeagizwa kwenda kupaka rangi nyumba ya kijani wanaweza kuyatamka maneno yale yale mawili ya Kiingereza, ‘green’ na ‘house’, kwa mpangilio ule ule na bila kosa hata moja la sarufi, lakini kila mmoja akawa anazungumzia kitu tofauti kabisa. Kinachowatenganisha si msamiati wala tahajia. Ni shadda, yaani ile nguvu ya sauti inayowekwa juu ya silabi moja kuliko nyingine.

Akisema GREENhouse, kwa kuikaza sehemu ya kwanza na kuilegeza ya pili, msemaji anataja kitalu kilichofunikwa kwa plastiki au kioo, na haijalishi kama kitalu chenyewe ni cheupe. Akisema green HOUSE, kwa kuipa nguvu sehemu ya pili, anataja nyumba yoyote yenye rangi ya kijani. Katika makala haya, herufi kubwa ndani ya neno zinaonyesha mahali shadda inapoangukia.

Mifano ya namna hiyo ni mingi. BLACKbird ni jina la ndege mmoja maarufu wa bustani za Ulaya, ilhali black BIRD ni ndege yeyote mwenye rangi nyeusi. Jike la blackbird lina manyoya ya kahawia, kwa hiyo Mwingereza anaweza kusema, bila kujipinga, kwamba blackbird aliyemwona asubuhi hakuwa mweusi. Ikulu ya Marekani huitwa WHITE House. Mtangazaji anayesema white HOUSE ametaja nyumba nyeupe tu, na nyumba nyeupe mjini Washington ni nyingi. Vivyo hivyo, ENGlish teacher ni mwalimu wa Kiingereza, hata akiwa mzaliwa wa Tabora, bali English TEACHer ni mwalimu Mwingereza, hata akiwa anafundisha hesabu.

Maneno haya ndiyo yanayoitwa maneno ambatano: maneno mawili kamili yaliyounganishwa yakazaa jina moja jipya. Mwaka 1968 wanaisimu Noam Chomsky na Morris Halle, katika kitabu chao The Sound Pattern of English, waliieleza tofauti hii kwa kanuni mbili. Maneno mawili yakiungana kuwa nomino moja, shadda kuu hukaa katika neno la kwanza. Yakikaa pamoja kama kirai cha kawaida, shadda kuu huenda kwenye neno la mwisho. Walimu wa matamshi walikuwa wamelijua jambo hilo zamani, na Daniel Jones wa University College London alikuwa ameanza kuyaorodhesha matamshi ya Kiingereza katika kamusi yake tangu mwaka 1917.

Kanuni hizo zina nguvu kiasi kwamba huweza kuyapanga hata maneno matatu. LIGHThouse keeper ni mlinzi wa mnara wa taa unaoongoza meli. Light HOUSEkeeper ni mtunza nyumba asiye na uzito mkubwa wa mwili. Sauti ni zile zile. Aliyebadilika ni mtu anayezungumziwa.

Kwa msemaji wa Kiswahili, ugumu haumo katika kuzielewa kanuni hizo bali katika mazoea ya ulimi. Kiswahili ni miongoni mwa lugha ambazo shadda yake hutabirika: huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Mtoto hahitaji kufundishwa kwamba ni kiTAbu, na kikiongezwa kiambishi mwishoni, shadda husogea yenyewe, kitaBUni. Maneno yanayokaidi ni machache, kama baRAbara, kwa maana ya sawasawa, ambalo hutofautiana na baraBAra ya magari. Hata maneno ambatano hayasameheki: ni garimoSHI kwa macho ya mgeni, lakini kwa masikio ya mwenyeji ni gariMOshi; ni mwanasheRIa, mwanahaBAri, na kiinuaMGOngo hupandisha sauti pale pale pa siku zote.

Ukiyatazama maneno hayo kwa makini, utaona jambo ambalo vitabu vingi vya kufundishia Kiingereza havina sababu ya kulitaja, kwa kuwa havikuandikwa kwa ajili ya Waswahili. Katika garimoshi, kipande kinachochagua ni gari la aina gani ni ‘moshi’, na ndicho chenye shadda. Katika mwanasheria, kinachochagua ni ‘sheria’, na shadda imo humo humo. Kiingereza nacho hukaza kipande kinachochagua: NEWSpaper ni karatasi ya habari, BUS stop ni kituo cha basi, POST office ni ofisi ya posta. Tofauti ni kwamba Kiingereza hutanguliza kichaguzi na Kiswahili hukiweka nyuma. Kwa Kiswahili hali hiyo ni matokeo ya nafasi ya silabi, si ya maana, lakini anayetafuta mahali pa kushika anaweza kushika hapo.

Mazoea ya silabi ya pili kutoka mwisho hayaharibu mambo kila mara. Neno ambatano la Kiingereza likiwa na silabi mbili tu, silabi ya kwanza ndiyo hiyo hiyo ya pili kutoka mwisho. Kwa hiyo CLASSroom, BLACKboard, FOOTball na HEADache hutamkwa sawasawa na watu wengi wa Dar es Salaam na Mombasa ambao hawajawahi kuisikia kanuni ya shadda. Bahati hiyo humalizika neno linapofika silabi tatu. Hapo NEWSpaper hugeuka newsPAper, SHOPkeeper huwa shopKEEper, GRANDmother huwa grandMOther, na TAXpayer huwa taxPAyer. Kundi linaloumiza zaidi ni lile la majina ya watendaji yanayoishia na -er, kwa sababu karibu yote yana umbo hilo hilo: kazi nyuma, kichaguzi mbele, na shadda juu ya kichaguzi.

Mashabiki wa soka wanao ushahidi wa karibu. Mdaka mipira ambaye Mwingereza humwita GOALkeeper, Kiswahili kilimchukua na kumwita golikipa, na shadda ikahama kutoka ‘goli’ hadi ‘kipa’, goliKIpa. Baadaye ‘goli’ lenyewe likaachwa, akabaki kipa. Kwa Mwingereza, kilichotupwa ndicho kipande kizito cha neno.

Lililotokea kwa mudguard linafurahisha zaidi. Neno hilo ni ambatano la ‘tope’ na ‘kinga’, lina silabi mbili, na shadda yake iko juu ya tope: MUDguard. Kiswahili, ambacho hupenda silabi inayoishia kwa irabu, kililifanya kuwa na silabi nne, madigadi. Kisha wasemaji wakasikia ‘ma-’ ya wingi mwanzoni, kama ilivyo katika madaftari na madirisha, wakaiondoa, wakapata umoja wake: digadi. Mpaka wa neno uliokuwa baada ya ‘mud’ ukahamia katikati yake. Kiplefti cha barabarani nacho kilitokana na amri ya kibaoni iliyowataka madereva wakae kushoto; kikasikika kama kina ‘ki-’ ya umoja, na wingi wake ukawa viplefti. Hakuna kosa katika hayo yote. Kiswahili kimeyakata maneno ya watu kwa kisu chake chenyewe, na Kiingereza kimefanya vivyo hivyo kwa maneno ya Kifaransa na Kilatini kwa karne nyingi.

Tatizo huanza mtu anapokitumia kisu hicho hicho akiwa anazungumza Kiingereza na mtu asiyejua Kiswahili. Mwanasaikolojia wa lugha Anne Cutler, mzaliwa wa Australia aliyefariki dunia mwaka 2022, alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kuchunguza jinsi sikio linavyoyatenga maneno katika mfululizo wa sauti usio na nafasi kati yake. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1987, yeye na David Carter walionyesha kwamba takriban asilimia 90 ya maneno yenye maana kamili katika mazungumzo ya Kiingereza, ukiacha viunganishi na vihusishi, huanza kwa silabi nzito. Mwaka uliofuata, Cutler na Dennis Norris walitoa ushahidi kwamba msikilizaji wa Kiingereza huichukulia silabi nzito kuwa dalili ya mwanzo wa neno jipya.

Kwa kipimo hicho, anayesema shopKEEper anampa msikilizaji wake dalili kwamba neno jipya limeanza katikati ya neno. Msikilizaji hutafuta ‘keeper’, halafu hulazimika kurudi nyuma kuliokota ‘shop’ na kuyaunganisha. Kazi hiyo huchukua muda mfupi sana, na katika mazungumzo ya kawaida haionekani. Huonekana pale sauti inapokatika kwenye simu, chumba kinapokuwa na kelele, au jambo linapokuwa la haraka.

Hospitali ni mahali pa namna hiyo, na lugha ya hospitali imejaa maneno ambatano. BLOOD pressure, HEART attack, PAINkiller, BLOOD test, WHEELchair, WAITing room, OPerating theatre, yote hukazwa mwanzoni. SLEEPing pills ni vidonge vya usingizi, lakini sleeping PAtient ni mgonjwa aliyelala. Na kanuni ni rahisi: kikiwa ni kitu cha kutendea jambo, shadda hutangulia. Kikiwa chenyewe ndicho kinachotenda, shadda huja nyuma. Julai 2021 Kenya na Uingereza zilitia saini makubaliano ya kuwawezesha wahudumu wa afya wa Kenya kufanya kazi Uingereza, na kwa wauguzi wengi wanaotazama upande huo mlango mmojawapo ni mtihani wa Kiingereza wa IELTS. Katika sehemu ya mazungumzo ya mtihani huo, matamshi ni kigezo kimoja kati ya vinne vyenye uzito sawa. Robo ya alama, kwa maneno mengine, na shadda imo ndani ya robo hiyo.

Ingekuwa vyema kama kanuni ya shadda mwanzoni isingekuwa na waasi. Inao, na wengine hawana sababu ya kueleweka. Majina ya mitaa yanayoishia na ‘Street’ hukazwa mwanzoni, lakini yanayoishia na ‘Road’, ‘Avenue’ au ‘Square’ hukazwa mwishoni. Kwa hiyo jijini London ni OXford Street, lakini Oxford ROAD ikiwapo. Kwa kanuni hiyo hiyo, Mwingereza aliyefika Nairobi atasema KiMAthi Street, kisha atavuka kwenda Moi AVenue na kuteremkia River ROAD. Katika vyakula, keki hutii na pai hukaidi: BIRTHday cake, lakini apple PIE. Kitu kikitajwa kwa malighafi yake, shadda kwa kawaida huenda nyuma, kama katika leather BELT, mkanda wa ngozi, na cotton SHIRT, shati la pamba. Lakini juisi, ambayo hutengenezwa kwa tunda lake kama mkanda unavyotengenezwa kwa ngozi, hukataa: ORange juice.

Tahajia haisaidii kitu. ‘Bus stop’ huandikwa kwa maneno mawili, ‘newspaper’ kwa moja, na mengine huunganishwa kwa kistari ambacho kamusi moja hukiweka na nyingine hukiondoa. Sikio la Mwingereza huyahesabu yote kuwa neno moja. Anayengoja maandishi yamwambie mahali pa kukaza atangoja sana.

Kuna swali jingine linaloambatana na hili, la mahali silabi moja inapoishia na nyingine inapoanzia. Kwa Kiswahili swali hilo halina utata: ka-la-mu, m-tu, nda-ni. Kwa Kiingereza, wataalamu wenyewe hawajakubaliana. John Wells, ambaye kamusi yake ya matamshi ilichapishwa na Longman mara ya kwanza mwaka 1990, alipendekeza kwamba konsonanti zivutwe upande wa silabi iliyo na nguvu zaidi, isipokuwa pale zinapokutana na mpaka wa neno ambatano. Mfano mmoja ni maneno mawili yanayokaribia kufanana, ‘selfish’ na ‘shellfish’. La kwanza, lenye maana ya mchoyo, hukatwa self-ish; la pili, jina la viumbe wa majini kama kaa na kamba, hukatwa shell-fish, kwa kuwa ni gamba na samaki. Irabu ya kwanza ya ‘selfish’ husikika fupi zaidi, kwa sababu f imo ndani ya silabi yake na huibana. Katika ‘shellfish’ f iko ng’ambo ya mpaka, na irabu hupata nafasi.

Mpaka huo ndio pia unaotenganisha ‘nitrate’, chumvi inayotumika katika mbolea, na ‘night rate’, bei ya usiku. Katika la kwanza t na r huambatana hadi kukaribia sauti ya ch. Katika la pili t hufunga mlango wa silabi ya kwanza na r huanza upya. Mswahili anayetia irabu kidogo baina ya konsonanti hizo huufuta mpaka katika maneno yote mawili.

Katika maandishi, mvutano wa mahali pa kukata una historia ndefu. Noah Webster wa Marekani, katika kitabu chake cha tahajia cha mwaka 1783, aliwashutumu waliomtangulia kwa kukata ha-bit na clu-ster, akitaka iwe hab-it na clus-ter ili mwanafunzi asome kama watu wanavyotamka. Hadi leo kamusi za Kimarekani hufuata zaidi sauti, na desturi ya Kiingereza cha Uingereza imekuwa kuheshimu asili ya neno, ndiyo maana Mmarekani hukata knowl-edge na Mwingereza know-ledge. Juu ya maneno ambatano, hata hivyo, pande zote hukubaliana: kata kwenye kiungo. Anayekiuka huweza kuchekesha mahali pasipostahili kicheko. ‘Manslaughter’, kosa la kuua bila kukusudia, likikatwa mans-laughter mwishoni mwa mstari, huonekana kuwa kicheko cha mtu. Mwaka 1983 Frank Liang wa Chuo Kikuu cha Stanford aliandika tasnifu nzima juu ya kuifundisha kompyuta mahali pa kukata maneno, na mbinu yake ingali inatumika katika programu za kupanga kurasa.

Shadda ikikaa muda mrefu upande mmoja, upande wa pili hudhoofika. ‘Cupboard’ lilikuwa ubao wa kuwekea vikombe. Leo p haitamkwi na ‘board’ limebaki mguno, kiasi kwamba neno lilipofika Afrika Mashariki lilikuwa tayari kuwa kabati. ‘Breakfast’ ni kuvunja mfungo, lakini irabu zake zimebadilika hata hakuna anayesikia mfungo ndani yake. ‘Lord’, bwana mkubwa, lilianza katika Kiingereza cha kale likiwa ambatano la ‘mkate’ na ‘mlinzi’. Shadda ya mwanzoni ikalisaga hadi likabaki silabi moja. Na katika ‘policeman’, sehemu ya mwisho imelegea kiasi kwamba wengi hawatofautishi kwa sauti askari mmoja na askari wengi.

Je, mtu wa Mwanza anayefanya biashara na mtu wa Kampala ana haja ya kuyabeba haya yote? Jennifer Jenkins, katika kitabu chake cha mwaka 2000 kuhusu Kiingereza cha kimataifa, alichunguza mazungumzo ya watu ambao kwao Kiingereza ni lugha ya pili, na hakuiweka shadda ya neno miongoni mwa mambo ya lazima. Aliiweka shadda kuu ya sentensi, ile inayomwonyesha msikilizaji neno la kushika. Hoja yake ina uzito, kwani watu wawili wanaosema newsPAper wataelewana bila shida. Haiwasaidii sana, hata hivyo, muuguzi aliye mbele ya mtahini wa IELTS wala mtangazaji anayesoma habari za Ikulu ya Marekani, ambao msikilizaji wao amezaliwa na mazoea mengine.

Kwa hao, kamusi yenye alama za matamshi ni ya lazima. Kistari kidogo cha wima kilicho juu huwekwa kabla ya silabi yenye shadda kuu, na kilicho chini kabla ya silabi yenye shadda ndogo. Baadhi ya kamusi za zamani za Marekani huweka alama baada ya silabi, jambo linalowapotosha wengi. Nukta zinazoligawa neno katika kamusi za Kimarekani zinaonyesha mahali pa kukata mwishoni mwa mstari, na si lazima ziwe mahali ambapo sauti hukatika.

Ziko pia sehemu ambapo kamusi hutoa majibu mawili, kwa sababu wenye lugha hawapatani. Waingereza wengi husema ice CREAM, Wamarekani ICE cream. Waingereza husema weekEND, Wamarekani WEEKend. Kiswahili kililichukua neno hili la mwisho, kikaliongezea irabu na kulitia katika kanuni yake ya silabi ya pili kutoka mwisho, na likatoka wiKEndi, shadda ikiwa mahali pale pale ambapo Mwingereza angeiweka.